Neno Lililokatikia Ngazini

Kuna wanaopendana kwa simu, kuna wanaopendana kwa kupelekewa salamu na majirani. Kipimo na Kimya walipendana wakiwa wamebeba kioo.

Msicheke. Kioo cha dirisha la duka hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, na kati yao hakuna kitu isipokuwa kile kioo chenyewe ambacho, kwa kuwa ni kioo, hakizuii mtu kuona. Mikono imeshikwa na kazi. Mdomo nao umepewa maneno manne tu: inua, twende, geuka, tua. Neno la tano ni kosa. Kinachobaki huru ni macho, na macho ya hao wawili yalikuwa yamefanya kazi ya ziada kwa miaka mitatu kabla mmoja wao hajathubutu kumwambia mwenzake kwamba anampenda.

Kipimo ni jina alilopewa binti huyo karakanani kwa baba yake, maana akipima dirisha mara moja tu, kioo kinaingia bila kusukumwa. La kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Na Kimya aliitwa Kimya kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Unaweza kufanya naye kazi kutwa nzima ukarudi nyumbani huijui sauti yake.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, wiki ya saba tangu goti la kulia la Kipimo liharibike, naye alikuwa kwenye gari la karakana, kiti cha mbele, magongo yamelazwa mapajani. Baba yake alikuwa akiendesha. Tangu watoke getini hawakuwa wamesemeshana. Mama mtu alikuwa amewaaga akiwa upande wa wote wawili, kwani mama huyo alikuwa na desturi ya kukubaliana na aliyeongea mwisho.

"Kesho saa tatu daktari wa mifupa anataka jibu," baba alisema hatimaye.

"Najua, Baba."

"Mimi nimeshampa."

Kipimo akageuka. "Umempa jibu gani?"

"Apasue."

"Goti langu, Baba."

"Ndiyo, lako. Na wewe ni wa nani?"

Kipimo akatazama nje. Daktari wa mifupa alikuwa amewaonyesha picha wote wawili, akawaeleza taratibu. Ndani ya goti kuna kano inayouzuia mguu wa chini usichomoke kwenda mbele. Ya Kipimo ilikuwa imekatika, tena imekatika yote, na kano hiyo ikikatika hivyo mara nyingi haijiungi yenyewe. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni upasuaji: unachukuliwa mshipa wa nyuma ya paja, unapitishwa kwenye mfupa, unakuwa kano mpya, halafu magongo, halafu mazoezi ya miezi tisa au mwaka kabla ya kuruhusiwa kubeba kitu cha maana. Njia ya pili ni mazoezi matupu, miezi mitatu hivi, misuli ya paja ikazwe mpaka ifanye kazi ya kano iliyokufa. Wapo wanaopona hivyo wakaishi maisha yao bila kisu. Wapo ambao goti huwasaliti, na hao huishia meza ya upasuaji wakiwa wamechelewa.

"Kioo kikipasuka hakigundishwi kwa mazoezi," baba alisema. "Unatoa, unaweka kipya."

"Mimi si dirisha."

"Hilo najua. Dirisha halijibu."

Siku nyingine wangecheka. Baba alikata kona ya hospitali, akasimamisha gari mbele ya jengo la mazoezi, lakini hakuzima injini.

"Na yule kijana asikanyage hapa," alisema, macho mbele.

"Amekukosea nini, Baba? Mimi niliteleza. Ngazi ilikuwa na maji. Nimesema mara mia."

Baba akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Kipimo akaanza kuchezea mpira wa chini wa gongo.

"Uliteleza," baba akasema. "Haya. Nitakufuata saa sita."

*

Uongo huo Kipimo aliutunga akiwa bado amekaa kwenye ngazi ile, goti likivimba mbele ya macho yake. Ukweli ulikuwa mwingine. Walikuwa wanapandisha kioo kirefu ghorofa ya pili, Kimya juu akirudi kinyumenyume, yeye chini. Walipofika pale ngazi inapokunja kona, Kipimo alikuwa amekita mguu wa kulia, akingoja kuambiwa "geuka" ili asogeze miguu kidogo kidogo. Badala yake Kimya, mtu asiyesema, akasema: "Nimeongea na baba yako..."

Basi. Mwili wote wa Kipimo ukamgeukia, mguu ukabaki ulipokuwa. Ndani ya goti kukalia mlio mdogo mkavu. Akasema "tua" kwa sauti ya kawaida kabisa, wakatua kioo bila mkwaruzo, ndipo akakaa chini na kulia.

Neno la Kimya halikumaliziwa. Jioni yake Kimya akafukuzwa kazi, na Kipimo hakuwa na shida ya kubahatisha mwisho wa neno lile: baba alikuwa amekataa.

Kilichomkosesha usingizi sasa kilikuwa kingine. Kimya alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha madirisha ya alumini, mji mwingine, mbali. Anaondoka Jumapili. Alimwambia kwa simu, kwa ule ufupi wake: "Mazoezi yanafanyika popote. Huku kuna hospitali. Njoo tuondoke." Upasuaji haubebeki kwenye begi. Upasuaji ulikuwa na maana ya kitanda kwenye nyumba ya baba yake, na mama wa kumwogesha, na mlango ambao Kimya haruhusiwi kuugonga, kwa karibu mwaka mzima. Basi ndani ya goti moja palikuwa na mume upande mmoja na wazazi upande wa pili, na Kipimo alikuwa amekwisha chagua. Atasema mazoezi. Atasema goti linaendelea vizuri.

Kasoro ni kwamba haliendelei vizuri. Wiki hii lilikuwa limemwachia ghafla mara tatu, nusura aanguke, na hakumwambia mtu.

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa kirefu, kina vioo ukuta mzima. Vioo hivyo Kipimo alivichukia tangu siku ya kwanza, kwa kuwa aliyevipachika alipitisha gundi mpaka kingoni, kazi ya ovyo. Palikuwa na vyuma viwili sambamba vya kushikilia, magodoro ya bluu, mipira mikubwa, na kidaraja cha mbao chenye hatua tatu zisizokwenda popote. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama mnene, mwepesi wa miguu, aliyeitwa Daktari na wagonjwa wote ingawa kila siku alikataa.

"Mimi si daktari," alimwambia Kipimo tena leo, akimkunja goti mpaka machozi yakamlenga. "Daktari anakata. Mimi nakunja. Linauma?"

"Hapana."

"Uongo. Kunja tena mwenyewe, ishirini. Nina simu ya kupiga."

Akatoka. Kipimo alikuwa kwenye ya kumi na moja alipohisi kuna mtu mlangoni. Hakugeuka. Alimwona kwenye kioo, kama alivyozoea kumwona.

Kimya alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, lile la siku za mteja mkubwa, kofia yake ameikunja mkononi. Walitazamana kwa kioo muda wa kutosha kumaliza zoezi zima, na hapakuwa na uzito wowote mikononi mwao wa kuwapa sababu.

"Baba amesema usikanyage hapa," Kipimo alisema.

"Nimengoja gari liondoke."

"Ungekuja hata kama halijaondoka."

Kimya akaja, akakaa kwenye ukingo wa godoro, mbali kidogo, akalitazama goti. Lilikuwa jembamba kuliko lenzake, paja limepungua. Aliliangalia kwa aibu, mpaka Kipimo akalifunika na taulo.

"Linaendeleaje?"

"Vizuri."

"Utamwambia nini daktari kesho?"

"Wewe unataka nimwambie nini?"

"Unajua ninachotaka." Alikuwa anaikunja kofia na kuikunjua. "Nimepata chumba. Kimoja, lakini kina dirisha kubwa. Kioo chake kimepasuka, mwenye nyumba amesema nikiweka kipya nisilipe mwezi wa kwanza. Nimesema nakuja na mtu wa kupima."

Kipimo akacheka, na kicheko kikamtoka na machozi, maana kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba ya kumaliza mwaka. Akaona chumba kizima: dirisha, yeye amesimama mbele yake na futi, Kimya nyuma yake akingoja vipimo avikariri. Alikitaka chumba hicho kwa nguvu iliyomtisha. Akajikaza kisabuni.

"Kwanza nimalizie neno langu," alisema.

"Neno gani?"

"La ngazini. Nimekaa nalo wiki saba. 'Nimeongea na baba yako.' Halafu? Alisema nini? Niambie alivyokataa, kwa maneno yake, ili nikienda na wewe Jumapili niende nikijua."

Kimya aliinama. Akaikunja tena kofia.

"Hakukataa," Kimya akasema.

"Unasema?"

"Alikubali."

"Alikubali nini?"

"Asubuhi ile nilimfuata mezani. Alikuwa anakata kioo. Nikamwambia nataka kuwaleta wazee wangu kuja kukuposa. Hakuinua macho. Akamaliza kukata, akavunja, kikatoka safi. Ndipo akasema, 'Walete Jumapili ya mwisho wa mwezi. Na wasichelewe, sipendi watu wanaochelewa.' Akanishika bega." Kimya aligusa bega lake mwenyewe, pale pale. "Nilijiambia nitakwambia jioni. Ghorofa ya kwanza nikavumilia. Ya pili ikanishinda."

Wiki saba Kipimo alikuwa amebeba hasira dhidi ya hapana ambayo haikuwahi kutamkwa. Kumbe palikuwa na ndiyo. Ilikuwepo, ilishikwa mkononi, iliishi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu, nayo ndiyo iliyomvunja.

"Na jioni?" aliuliza.

"Jioni nilimweleza ukweli. Wewe ulikuwa umewaambia umeteleza. Mimi sikuweza. Amenifundisha kazi miaka minane, sikuweza kumtazama usoni na kusema maji."

"Kwa hiyo anajua."

"Tangu siku ile ile."

"Na mimi namwambia nimeteleza, nimeteleza, kama kasuku, na yeye ananitazama tu!"

"Akaniambia, 'Mtu aliyeshindwa kutunza neno kwa ghorofa mbili, atanitunzia mwanangu vipi?' Akasema wazee wangu wasije tena."

Nje kuna mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Wakangoja sauti ipite.

"Kwa nini hukuniambia haya kwa simu?" Kipimo aliuliza polepole. "Wiki saba, Kimya. Nilikuwa nalala nikimchukia baba yangu kwa kitu ambacho hakukifanya."

"Alinikataza."

"Alikukataza?"

"Alisema nisikwambie kwamba alikuwa amekubali. Alisema itakuumiza zaidi."

"Na wewe ukatii."

"Ni mzee wangu pia," Kimya alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani nikimtii atalainika."

Kipimo alitaka kukasirika na hakuweza. Alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye. Akanyoosha mkono, Kimya akaushika kwa mikono miwili, kwa ule ushikaji wa fundi, vidole vyote vimegawana uzito. Ilikuwa mara ya kwanza kushikana mikono mchana mbele ya mlango ulio wazi.

"Jumapili tunaondoka," Kipimo alisema. "Kesho nitasema mazoezi."

*

"Mazoezi nani kasema?" Mtaalamu alikuwa amerudi, simu ingali mkononi. Alimtazama Kimya kuanzia kofia hadi viatu. "Na huyu bwana ni wa goti lipi?"

"Amekuja kuniona," Kipimo alisema. "Daktari, nimeamua. Sitaki kupasuliwa."

"Sawa. Ni haki yako. Nina watu wengi wenye goti kama lako, hawajaona kisu, wanaishi vizuri." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Ila nijibu kwanza kitu kimoja. Linakuachia?"

"Haliachii."

"Ukitembea, ukigeuka ghafla, halichomoki ukajikuta unataka kwenda chini?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

Kipimo alitikisa kichwa. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Mama yule alimtazama, akamtazama na Kimya, akashusha pumzi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wiki ya pili alikuja baba yako hapa, akaniambia nikushawishi ukubali kupasuliwa. Nikamwambia sishawishi mtu. Leo namwona huyu, na naona anavyoniomba kwa macho nikukatalie upasuaji. Wote wanakupenda, sijakataa. Lakini goti halina baba wala mchumba. Goti lina wewe tu. Simama."

Akasimama. Akaelekezwa kwenye kile kidaraja cha mbao. Panda hatua mbili, geuka, shuka kwa mguu wa kulia, ukifika chini geukia mlangoni. Bila gongo. Mtaalamu alisimama upande wa kushoto, akamwambia Kimya asimame upande wa kulia.

Kipimo akapanda. Akajiona kwenye vioo, mwanamke mwenye suruali ya mazoezi anayetaka sana kuonekana mzima. Akashuka. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Chini mguu wa kulia ukakita, akageukia mlangoni, akageukia upande aliosimama Kimya, akitabasamu ili amwonyeshe.

Goti likaachia.

Sasa hapa ni lazima mjue jambo moja kuhusu kazi ya vioo. Siku ya kwanza karakanani, kabla hujaonyeshwa hata kisu cha kukatia, unafundishwa kwamba kinachoanguka hakidakwi. Kioo kikikuponyoka, fungua mikono, rudi nyuma. Wapo waliojaribu kudaka, na vidole vyao havipo. Baba yake Kipimo aliwafundisha wanafunzi wake somo hilo kwa kuwaangushia vipande makusudi, kutwa nzima, mpaka mikono ijue yenyewe bila kuuliza kichwa.

Kimya akafungua mikono, akarudi nyuma hatua moja.

Kipimo akaangukia godoro kwa ubavu, kishindo. Mtaalamu alikuwa amemdaka nguo ya begani, ikasaidia kidogo. Kimya alikuwa amesimama palepale, viganja vimeinuliwa, ameviangalia kama vya mtu mwingine.

"Mungu wangu," alisema. "Kipimo. Sikutaka... Mikono tu..."

"Najua."

"Nilikuona unaanguka na mikono ikafunguka."

"Najua, Kimya. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo." Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amelala ubavu, maumivu yanapanda na kushuka, na hakuona kosa kwenye ile mikono. Alijua aliyeifundisha.

Mtaalamu alimkalisha, akalipapasa goti, akalivuta mbele taratibu. "Mara ngapi wiki hii?" aliuliza bila kuinua macho.

Kipimo alipiga moyo konde. "Tatu. Bafuni. Getini. Na Jumanne, nikiwa na birika la maji ya moto. Maji yalimwagika sakafuni, nikamwambia mama nimeteleza."

"Unateleza sana wewe."

"Ndiyo."

"Basi nikwambie lililopo. Kila likichomoka hivyo, linasaga zile gegedu za katikati, vile vimto laini kati ya mifupa. Kano tunaweza kukuwekea nyingine. Gegedu zikiisha hakuna duka linaloziuza." Akaliweka goti chini. "Kuna kazi za kukaa. Ukitaka kukaa, nitakukaza misuli na pengine utaishi nalo. Nakuuliza wewe, si baba, si huyu. Unataka goti la kufanyia nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kipimo alitazama ule ukuta wa vioo uliopachikwa vibaya. Alifikiria ngazi, uzito unaposhuka mabegani, zile sekunde za kuingiza kioo kwenye fremu na kusikia kimekaa.

"La kubebea," alisema. "Nataka kubeba."

"Basi unajua jibu."

"Najua." Akamgeukia Kimya. "Siwezi Jumapili. Nisamehe. Ningekuja, wallahi ningekuja, lakini ningekuwa nakuja kukaa kwenye kiti."

Kimya alipiga magoti mbele yake kwenye godoro. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nitangoja. Miezi tisa si kitu. Nitakuwa napiga simu kila siku, hata kama sina la kusema."

"Utakuwa nalo?"

"Nitajifunza."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya kilicholowa. Kipimo akaegemeza paji lake begani kwake, kwenye lile shati la mteja mkubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba akajiona amepumzika. Miezi tisa. Wangeiweza. Angeamka na goti jipya, angemwambia baba yake ukweli wote, na ile "ndiyo" iliyowahi kutoka mdomoni mwa mzee ingeweza kutoka tena.

Mtaalamu alikohoa kidogo. Alikuwa amevuta meza yake ya magurudumu, ana fomu na kalamu.

"Samahani, wapendwa, hii inatakiwa iende leo kwa daktari, na kesho wanaanza nayo. Mtu wa karibu wa kwanza nimeandika baba. Wanataka wa pili, wa kupigiwa simu likitokea lolote siku ya upasuaji. Nimwandike huyu?"

"Mwandike," Kipimo alisema. Akataja namba ya Kimya kwa kichwa.

"Uhusiano?"

Kipimo alimtazama Kimya. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lilimfurahisha kulisema mbele ya mtu mwenye kalamu.

"Mchumba."

"Subiri kidogo, Daktari," Kimya alisema.

Kalamu ikasimama.

"Hiyo fomu baba yake ataiona kesho?"

"Ataiona. Yeye ndiye anayemleta."

Kimya alijifuta uso kwa kofia. "Usiandike hivyo, basi. Kipimo, nisikilize. Akiliona hilo neno pale, na alikuwa amenikataza, itakuwa nimemkosea mara ya pili. Ndiyo basi tena, hatanisikiliza maisha. Tukienda naye polepole atalainika, mimi namjua. Aandike tu... aandike fundi mwenzake. Haidhuru kitu. Ni karatasi tu."

Aliyasema kwa upole, na kwa Kimya yalikuwa maneno mengi. Hakuna aliyemharakisha. Kipimo aliyasikia yote mpaka mwisho. Ile mikono aliisamehe hata kabla hajagusa godoro, maana mikono haikufikiri. Lakini haya Kimya aliyafikiria kwanza, ndipo akayasema.

"Alikufukuza," Kipimo alisema. "Wewe si fundi mwenzangu tena."

"Rafiki, basi." Kimya akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Aandike rafiki."

"Dada," mtaalamu akauliza taratibu, "niandike nini?"

Kipimo alikuwa analitazama goti lake. Lilikuwa limeanza kuvimba upya, na alijua kwamba usiku lingeuma, na mama angeleta maji ya moto, na baba angesimama mlangoni bila kuingia.

"Usiandike kitu," alisema. "Baba anatosha."

"Kipimo..."

"Basi lako ni saa ngapi Jumapili?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Lala mapema, basi, usije ukachelewa."

Alisema bila hasira, kama mtu anavyomwagiza ndugu anayesafiri. Akauchukua mkono wake kutoka kwenye mikono ya Kimya, kidole kimoja baada ya kingine, akajivuta mpaka kwenye vile vyuma sambamba, akajiinua. "Daktari, mpaka siku ya kupasuliwa nifanye zoezi gani?"

"Lile lile la kukunja. Ishirini, mara tatu kwa siku."

Mtaalamu alipiga mstari kwenye ile nafasi tupu, akapindua karatasi. Kipimo akaanza kukunja. Kwenye vioo alimwona Kimya ameinuka, amekwenda hadi mlangoni, kofia mkononi, akasimama hapo akingoja mtu wa kumwambia aende.